Mama Mwenye Watoto Naye Anaweza Kuvaa Taji



Leo tunaandika juu ya jambo lililotugawa hapa Mantapala, sisi vijana wenye kujitolea. Kila mwaka tarehe 20 Juni dunia inakumbuka wakimbizi. Hapa kwetu siku ile iko na ngoma, mpira, na hotuba ndefu za wakubwa. Mwaka mmoja tukakubaliana kuongeza kitu: wadada wapite mbele ya watu na nguo zenye kushonwa hapa hapa kambini, wajibu maswali, na mmoja apewe taji. Siyo taji ya dhahabu, ni waya na karatasi ya kung'aa. Tulikuwa na mawazo ya spika na mafuta ya jenereta. Kumbe shida ilikuwa inatungoja kwenye orodha ya majina.

Jina moja lilikuwa la mama wa watoto watatu, asiye na bwana. Hapo maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Umisi ni ya wasichana. Ule alishazala, atasimama mbele ya batu namna gani?" Mwingine akasema makanisa yatatusema. Mwingine, huyu alikuwa dada, akasema tukimpa nafasi mama asiye na bwana, tutakuwa tunafundisha wadogo zetu kwamba kuzaa bila ndoa ni jambo la kushangilia. Haya siyo maneno ya watu wabaya. Ni watu wenye kutupenda. Lakini tulisema tusipige kura kwanza, tuangalie kwanza mwenyewe ni nani.

Hatutaji jina lake. Watu wa bloki yake wanamjua, inatosha.

Alitoka upande wa Pweto, Haut-Katanga, katika mwaka 2017, wakati vijiji vingi vya kule na vya Tanganyika vilikuwa vinawaka. Wengi wetu tulipita njia ile ile: kuvuka mpaka, kulala Kenani kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, halafu kuanzia Januari 2018 kuletwa huku Mantapala, kupewa kiwanja na kuambiwa: jenga. Yeye alijenga na watoto wake, mkubwa alikuwa bado mdogo. Bwana wake walipotezana katika kukimbia. Wenye kumwita "mama asiye na bwana" wanasema sawa vile alimfukuza. Hakuna aliyemfukuza. Vita haiulizi mtu kama ameolewa.

Sasa tuseme biashara yake, juu watu wengi wanaona beseni tu na hawaoni hesabu yenye iko ndani.

Mama huyu anauza chisense. Kwa wenye kutusoma kutoka mbali: chisense ni samaki wadogo wa ziwa Mweru, kama vile dagaa za kule Kalemie. Wavuvi wanawashika usiku kwa taa, asubuhi wanaanikwa, na soko kubwa ni Kashikishi, pale kando ya ziwa. Yeye anapaswa kutoka kambini kwenda kununua, na kutoka kambini siyo kuamka tu na kwenda. Mkimbizi katika Zambia anahitaji kibali cha kutembea. Zambia ilipoingia katika mkataba wa wakimbizi wa 1951, iliweka sharti lake kwenye kifungu cha 26, kile cha uhuru wa kutembea. Basi mama wa chisense anahesabu siku za kibali, halafu siku za gari, halafu siku za samaki. Zikikosa kukutana, wiki imepotea.

Akifika kule ananunua kwa meda, lile kopo lenye Wazambia wanapimia karibu kila kitu. Akirudi anapepeta mchanga, anaanika tena, juu chisense yenye unyevu inaoza mbio. Anauza kwa fungu. Wateja wake ni wakimbizi na pia bamayo wa vijiji vya Wabemba na Walunda wenye kuishi jirani nasi, juu Mantapala si kambi ya waya na lango tu, wenyeji nao wako humu, shule ni moja na kliniki ni moja. Wengi wanachukua kwa deni. Iko na daftari moja, kurasa zimechakaa. Msaada wa mwezi ukifika, ndipo daftari linapunguka. Msaada ukichelewa, daftari linanenepa na yeye anakonda.

Makuta ya kuanza aliipata kwa chilimba. Neno hili ni la huku, kule kwetu tunasema likelemba: wamama kumi wanatoa kila wiki, mmoja anachukua yote, wiki ya kufuata mwingine. Hakuna benki iliyomkopesha. Ni wamama kumi wenye kuaminiana, na kati yao watatu ni Wazambia.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali inafunga uvuvi ili samaki wazaliane. Tunakubali ni jambo la maana, bila hivyo ziwa litabaki maji tupu. Lakini kwa mwenye kuishi kwa beseni, miezi mitatu ni mingi. Mvua nayo inakuwa kali, hata barabara inakataa. Basi katika miezi ile anageuza: asubuhi anakaanga vitumbuwa, mchana anauza sombe na lengalenga za bustani yake, usiku anashona kwa mashini ya kuazima. Ndiyo kusema mwaka wake uko na kazi nne, na kila moja iko na wakati wake.

Huyo ndiye mtu mwenye tulikuwa tunauliza kama anafaa kusimama mbele ya watu kwa dakika tano.

Ubishi huu siyo wetu peke yetu. Katika mwaka 2018 dada mmoja wa Ukraine, Veronika Didusenko, alivikwa taji ya Miss Ukraine. Siku chache tu zikapita, wakamnyang'anya, juu iligundulika kwamba alikuwa ameolewa zamani na iko na mtoto wa kiume. Kanuni ya Miss World ilikuwa haipokei mama. Yeye hakukaa kimya, 2019 alikwenda kudai haki yake kisheria kule London. Fikirieni kidogo: shindano lenye kukusanya msaada wa watoto duniani kote, linamkataa mtu juu iko na mtoto!

Wenzao wa Miss Universe walibadilisha. Mwaka 2022 walitangaza kwamba kuanzia shindano la 2023 walioolewa na wamama wanaingia. Basi 2023, kule El Salvador, wakaonekana wamama wawili jukwaani: Michelle Cohn wa Guatemala na Camila Avella wa Kolombia. Camila akafika kati ya watano wa mwisho. Dunia haikuanguka. Mwaka uliofuata wakaondoa hata kikomo cha umri.

Na kama mtu anasema haya ni mambo ya wazungu, tumchukue mtoto wa kambi. Halima Aden alizaliwa Kakuma, Kenya, katika mwaka 1997, mtoto wa wakimbizi wa Somalia. Alikua akiongea Kisomali na Kiswahili kama sisi. Alipelekwa Marekani akiwa na miaka kama saba. Mwaka 2016, wakati bado anafanya kazi ya usafi hospitalini, aliingia shindano la Miss Minnesota USA na kitambaa chake kichwani, na kwenye sehemu ya nguo za kuogelea akavaa vazi lenye kufunika mwili wote. Hakushinda, alifika nusu fainali. Lakini jina lake likatoka pale, akawa mwanamitindo mkubwa, na 2018 UNICEF ikamfanya balozi wake. Mwaka ule ule, mwezi wa Juni, alirudi Kakuma kusimama mbele ya wakimbizi wenzake na kuongea. Halafu 2020, wakati jina lake liko juu kabisa, akaiacha kazi ile, akasema ilikuwa inamtoa kwenye imani yake.

Tunapenda habari ya Halima kwa mambo mawili. La kwanza, jukwaa halikumvua alichokuja nacho. La pili, alijua kuingia na alijua kutoka. Taji ni chombo kama jembe. Unalishika kwa kazi yako, na kazi ikiisha unaliweka chini.

Sasa turudi kwa neno la yule dada wa kikundi chetu, lile la kuwafundisha wadogo zetu vibaya. Neno hili lilitusumbua kuliko yote, juu lina ukweli ndani. Hapa kambini tuko na wasichana waliozaa kabla ya wakati. Wengine walidanganywa, wengine walilazimishwa, wengine njaa ilikuwa nyumbani. Hakuna kati yetu anayetaka wawe wengi. Lakini tujiulize: msichana wa miaka 17 mwenye mtoto mgongoni, akisikia kwamba mtu aliyezaa haruhusiwi kusimama mbele ya watu, anajifunza nini? Hajifunzi kungoja, muda wa kungoja ulishapita. Anajifunza kwamba yeye amekwisha. Na mtu aliyeambiwa amekwisha hana sababu ya kujilinda tena.

Nchi hii yenye kutupokea ilishajibu swali hili zamani. Tangu 1997 Zambia iko na utaratibu wa kumruhusu msichana aliyezaa kurudi shule. Tanzania, kule ndugu zetu wengi walikimbilia, iliondoa katazo lake katika Novemba 2021. Kama darasa linamfungulia mlango, jukwaa letu la mbao linamfungia kwa sababu gani? Shule ni kubwa kuliko taji ya waya.

Basi tukapiga kura. Upande wa kumkubali ulishinda kwa kura chache. Tukabadilisha na fomu: pale palipokuwa "umezaa ao hujazaa" tukaandika "unataka kufanyia watu jambo gani?"

Siku ile ilikuwa na vumbi na upepo, sawa na Juni zote za huku. Alipita wa nne. Nguo yake aliishona mwenyewe kwa vipande vya vikwembe vilivyobaki kwa mafundi, vya Kongo na vya Zambia pamoja, ukiangalia huoni wapi kimoja kinaisha. Watu wengine walicheka kidogo mwanzoni. Mtoto wake mdogo akapiga kelele "Mama!" na watu wakacheka tena, lakini kicheko kile kilikuwa kingine.

Mwenye kuuliza akamuuliza kama mama wa watoto watatu hataona taji ni mzigo juu ya mizigo mingine. Akajibu, "Kichwa yangu ilishazoea beseni ya samaki. Taji haiwezi kuwa nzito." Pale uwanja wote ukapiga makofi, hata wazee wa kanisa. Halafu akasema lenye kumleta. Akasema kuna wasichana hapa hawaendi shule siku zao za mwezi, juu hawana kitu cha kujisitiri. Akasema mashini ya kushona iko, vipande vya nguo viko, yeye anajua kushona vitambaa vya kufua na kutumia tena, kinakosekana ni sabuni na watu wa kukata. Akauliza, "Nani atakata?" Basi. Hakuongeza.

Jambo lile hapa kwetu haliongelewi mbele ya wababa. Yeye aliliongea kwa spika, na alipomaliza hakuna aliyejua aangalie wapi. Lakini kesho yake wasichana sita walikuwa mlangoni kwake na mikasi ya kuazima.

Hakushinda. Taji alipewa dada wa miaka 19, naye alijibu vizuri sana, haki ilikuwa yake. Na dada yule alikuwa kati ya wale sita. Mpaka leo wanakaa chini ya mwembe siku za Jumamosi, wanakata na kushona. Anayekuja kuchukua analeta kipande cha sabuni kama anacho. Asiye nacho anachukua bure.

Msaada wake haukuanzia pale. Kwa kila meda ya chisense anatoa kikombe kimoja na kukiweka pembeni. Kikombe kile ni cha mwenye kuzaa juzi, ao cha mzee asiye na mtu, ao cha mgeni aliyefika jana kutoka mpaka na bado hana hata sufuria. Tulimuuliza siku moja kwa nini anatoa na yeye mwenyewe daftari lake limejaa madeni. Akatuambia, "Yaya, siku nilifika Kenani, kuna mama alinipa kikombe cha unga. Sikumuona tena. Nitamrudishia wapi?"

Maneno yale yalitukumbusha Mkongomani mwenzetu, Rose Mapendo. Alikamatwa katika mwaka 1998 pamoja na bwana wake na watoto, bwana akauawa, naye akazaa mapacha kifungoni. Watoto wale akawapa majina ya wakubwa wa kambi ile ya kifungo, watu waliokuwa wanamshikilia, ili roho zao zilegee. Alipona. Mwaka 2000 alifika Phoenix, Arizona, mjane na watoto wengi, na badala ya kufunga mlango akaanza kuzunguka kuongea kwa ajili ya waliobaki nyuma. Filamu ya 2010 juu ya maisha yake inaitwa "Pushing the Elephant". Wamama wa namna hii tuko nao tangu zamani. Tofauti ni kwamba mmoja alipewa kipaza sauti na wengine elfu hawakupewa.

Lakini wandugu, tusimalizie hapa kwa kusifu tu. Sifa ni rahisi, haina bei.

Tangu siku ile watu wanamwita "mama wa nguvu". Anapita, wanamshangilia. Sisi tunaokaa jirani tunaona na upande mwingine. Siku ya Kashikishi, mtoto wake wa kwanza, msichana wa darasa la saba, haendi shule. Anabaki na mdogo wake, anachota maji, anageuza samaki kwenye jua. Mwalimu wake anajua, hasemi kitu, juu anajua na sababu. Ndiyo kusema mama huyu anatafuta sabuni ili wasichana wa watu wasikose shule, na wa kwake anakosa. Yeye mwenyewe aliona hilo kabla yetu. Alituambia polepole, bila kulia, akikunja vikwembe: "Mkono mmoja ninao hapa, wa pili ni ule mtoto. Nikiuachilia, beseni inaanguka."

Watu wanauliza, anafanya namna gani kuweza biashara, na jukwaa, na msaada, na watoto, vyote pamoja? Jibu ni kwamba haviwezi peke yake. Viko na mikono mingine chini yake. Kuna wamama kumi wa chilimba. Kuna jirani Mzambia mwenye kumuwekea mboga kivulini. Na kuna msichana mmoja mwenye kulipa kwa madaftari yake ya shule. Ukimwita mama "mwenye nguvu" halafu unaenda zako, umemwambia abebe zaidi. Wahenga walisema mlezi wa mwana si mmoja, na sisi tunaipenda sana methali hiyo kwenye hotuba. Haya, zamu ya nani?

Basi sisi vijana tumefanya orodha. Siku zake za Kashikishi, wawili kati yetu wanakaa na mtoto mdogo na kuchunga samaki kutoka saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, ili dada mkubwa akae darasani. Wavulana wako kwenye orodha sawa na wasichana, na hili nalo lilileta kicheko, lakini ndugu mmoja wa timu ya mpira amekuwa fundi wa kufukuza kuku kwenye chisense kuliko sisi wote. Tumeanza na mama mmoja. Katika bloki ile ile kuna wengine wanne wenye hali ya namna hiyo, wajane na walioachwa, na hawajawahi kupanda jukwaa lolote. Wao hawahitaji taji. Wanahitaji mtu wa saa moja mpaka saa nane.

Kwa hiyo tunaomba watu. Kama uko hapa Mantapala na uko na siku moja kwa wiki, acha jina lako kwa kiongozi wa bloki yako. Kama uko Meheba, Mayukwayukwa, Dzaleka, Nyarugusu, ao popote wenzetu wako, angalia nyumba ya tatu kutoka kwako. Kuna mama pale anatoka asubuhi na beseni, na kuna mtoto anabaki nyumbani wakati kengele ya shule inalia. Usimpigie makofi kwanza. Muulize anarudi saa ngapi.